Vitabu vya Krismasi kwa marafiki wawili, mmoja Kisumu na mwenzake Nakuru

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Mimi na rafiki yangu wa tangu sekondari tunataka kusoma vitabu vya Krismasi pamoja mwezi wa Desemba, kwa raha tu, bila presha. Yeye ni muuguzi Nakuru na mwaka huu yuko zamu siku ya Krismasi yenyewe. Mimi niko kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kondele mpaka tarehe 21, kisha naelekea kwa wakwe Vihiga, na unajua jikoni kule hakuna likizo. Yeye husoma mbio, mimi polepole. Mwaka jana tulitoa mtandaoni orodha ya vitabu kumi na viwili, karibu vyote ni theluji na wapenzi wa New York, tukavitupa hata nusu ya mwezi haijafika. Tuna kama shilingi 2,000 kwa wote wawili. Tuchague nini?

JIBU: Dada yangu, salamu zimefika. Nianze na ile orodha ya vitabu kumi na viwili. Hicho kilikuwa kibarua. Mtu anayeshinda dukani wateja wakigombania mabati na misumari kabla hawajaenda ushago hawezi kumaliza riwaya kila baada ya siku mbili, na wala hana haja. Kwa Desemba kama yenu mimi ningechukua vitabu viwili vyembamba vya kusoma pamoja, hadithi fupi mbili tatu za kujazia nafasi, na kitabu kimoja ambacho kila mmoja anamchagulia mwenzake. Basi. Na msifunge hesabu tarehe 25. Krismasi ya kanisa ina siku kumi na mbili, inakwenda mpaka kuamkia tarehe 6 Januari, na muuguzi atakayekuwa wodini siku yenyewe atazihitaji hizo siku za nyongeza.

Kuhusu theluji, nadhani umeilaumu bure. Vitabu vilivyowachosha vilikuwa na theluji na hakuna kingine: mji mdogo mzuri, mkate mtamu, busu ukurasa wa mwisho. Mkimaliza mnaambiana nini? "Kilikuwa kizuri." Mazungumzo yameisha. Nyinyi hamkai mji mmoja, kwa hiyo kitu mtakachokula pamoja Desemba hii ni maongezi, na kitabu kinachozaa maongezi ni kile chenye ugomvi ndani yake: nani alipe, nani alishwe, nani arudi nyumbani na kwa masharti gani. Krismasi imejaa ugomvi huo kila mahali duniani, Vihiga ikiwemo. Mkichagua kwa kipimo hicho, theluji haitawasumbua hata ikiwa magotini.

Chukua "A Christmas Carol" ya Charles Dickens. Najua umeiona kwenye katuni na filamu, ukafikiri unaijua. Isome. Ilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, nakala 6,000 za kwanza zikaisha kabla ya Krismasi, na ukiifungua utakuta baridi yake haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Baridi pale ni suala la nani ana makaa. Tajiri Scrooge ameweka sanduku la makaa ya mawe chumbani mwake, na karani wake Bob Cratchit anajikunyata kwenye kijimoto kinachofanana na kaa moja, akiogopa kwenda kuomba jingine. Karani huyo analipwa shilingi kumi na tano kwa wiki. Anapoomba siku moja ya mapumziko, tarehe 25, bosi analalamika kwamba kumlipa mtu siku ambayo hajafanya kazi ni sawa na kuibiwa mfukoni kila mwaka. Wewe unayeuza dukani, na yeye aliyepangiwa zamu ya Krismasi, mnahitaji maelezo gani zaidi? Hapo mtaongea mpaka bando iishe.

Tena Dickens hakuandika hayo kwa huruma ya mbali. Mwaka 1824 baba yake alifungwa katika gereza la wadeni la Marshalsea, na Charles, akiwa na miaka 12, alikuwa ametolewa shule na kupelekwa kwenye kiwanda cha rangi ya viatu kubandika karatasi kwenye vyungu. Ukilijua hilo, watoto maskini wa kitabu hiki unawasoma kwa jicho lingine. Mimi huwaambia wasomaji wangu wasikimbilie mwisho, ambao kila mtu anaujua. Utamu uko mwanzoni, Scrooge akiwa bado mkorofi, kwa sababu hoja zake zina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Wale mabwana wawili wanaokuja kuchangisha pesa za maskini, yeye anawauliza kama magereza na nyumba za kazi za maskini zimefungwa. Nimesikia watu wa heshima wakisema maneno ya aina hiyo kwenye harambee, kwa Kiswahili fasaha.

Kitabu kimegawanywa sehemu tano. Jumapili nne za Majilio na siku ya Krismasi yenyewe zinafanya tano kamili, ila kwenu nisingefuata mpango huo, kwa sababu tarehe 25 mmoja yuko na sufuria na mwingine yuko na wagonjwa. Anzeni tarehe mosi na mmalize kabla ya tarehe 21, sehemu moja kila siku nne hivi. Hata wewe msomaji wa polepole utaziweza. Na isomeni kwa sauti. Dickens mwenyewe alipanda jukwaani miaka mingi akiisoma mbele ya watu, na sentensi zake ndefu, ambazo kwa macho zinachosha, kwa mdomo zinateleza. Rekodi ujumbe wa sauti wa kurasa mbili ukiwa jikoni, umtumie. Atausikiliza akitoka zamu.

Kitabu cha pili nimekichagua kwa sababu ya tatizo lako la mwendo, yeye mbio na wewe polepole. Agatha Christie, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi, alitoa "Hercule Poirot's Christmas" mwaka 1938, na sehemu zake amezipa tarehe: ya kwanza ni tarehe 22 Desemba, ya mwisho ni tarehe 28. Sharti basi linajiandika lenyewe. Kila mtu asome siku kwa siku yake, na hakuna ruhusa kuipita kalenda. Rafiki yako hata akiwa na macho ya umeme, tarehe 23 atasubiri tarehe 24 kama wewe. Na wewe ukizidiwa na chapati siku moja, una sehemu moja tu ya kufidia, hujaachwa kitabu kizima nyuma.

Na habari yenyewe! Mzee Simeon Lee, aliyechuma utajiri wake kwenye almasi za Afrika Kusini, anawaita wanawe wote nyumbani kwa Krismasi pamoja na wake zao. Hata wale waliokosana naye miaka mingi wanakuja. Wakishafika, anahakikisha wamemsikia akizungumza na wakili kwenye simu kuhusu kubadilisha wosia. Usiku wa tarehe 24 anakutwa ameuawa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani. Nani kati yetu hajakaa kwenye mkutano wa familia wa Desemba ambapo shamba limetajwa na chai ikapoa? Utakisoma ukiwa kwa wakwe, kwa hiyo nakuonya: ukiguna kwa sauti ukurasa fulani huku macho yamemwangukia shemeji, hiyo ni juu yako. Christie alikiandika baada ya shemeji yake mwenyewe kumlalamikia kwamba mauaji yake yamekuwa ya kistaarabu mno, anataka damu. Akampa damu, na kitabu akamtunukia yeye.

Hapo wekeni dau dogo. Usiku wa tarehe 26 kila mmoja amtumie mwenzake jina la mtu anayemshuku, na sababu. Atakayekosea atanunua samaki Dunga mkikutana. Wakikosea wote, kila mtu ajilipie. Jambo moja la kukuandaa: ni kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1938, na wahusika wake wanawazungumzia wageni kwa dharau iliyokuwa ya kawaida enzi zile. Msiipite kimya.

Hadithi fupi ni za pale stejini, matatu ya Mbale ikisubiri kujaa. "The Gift of the Magi" ya O. Henry, ya mwaka 1905, inamalizika kondakta akiwa bado anaita abiria. Mke kijana ana dola moja na senti themanini na saba, kesho ni Krismasi, na hana zawadi ya mume wake. Sisemi zaidi, na wewe usimsimulie yeyote. "Where Love Is, God Is" ya Leo Tolstoy, ya mwaka 1885, inamhusu Martin, fundi wa viatu anayekaa chumba cha chini ya ardhi na kuwatambua wapita njia kwa viatu vyao tu, kwa sababu dirisha lake halionyeshi kingine. Hiyo ihifadhi kwa watoto wa Vihiga jioni stima ikipotea, maana inasimulika hata bila kitabu mkononi. Haitaji Krismasi popote. Anayemsubiri mgeni mkubwa akajiwa na wanyonge ni mtu wa Desemba vilevile, kwa maoni yangu. Za Hans Christian Andersen, kile kisa cha msichana wa vibiriti na kile cha mti wa msonobari, ni nzuri lakini zinahuzunisha kupita kiasi. Mmoja akitaka, asome, lakini sizilazimishi.

Kuna moja ya hapa kwetu ambayo nasita kuipendekeza, kisha naipendekeza. Uwem Akpan, Mnigeria aliyewahi kusomea upadri Nairobi, ameandika "An Ex-mas Feast", hadithi ya familia ya Nairobi inayoishi mtaani wakati wa Krismasi. Dada mkubwa ana miaka kumi na miwili na anatafuta karo ya kaka yake kwa njia ambayo hakuna mtoto angepaswa kuijua. Imo ndani ya mkusanyiko wake "Say You're One of Them" wa mwaka 2008. Ni kazi ya juu kabisa, na itawaharibia jioni. Mlisema mnataka raha, kwa hiyo ikae kando mpaka Januari, na muisome siku ambayo mnaweza kupigiana simu mara tu baada ya kumaliza.

Utaniuliza, na Kiswahili je? Sitakudanganya kwamba rafu ya Kiswahili imejaa riwaya za Krismasi. Lakini kwetu Krismasi ni kurudi nyumbani kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na riwaya za kurudi nyumbani tunazo. "Siku Njema" ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inamfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga mpaka Kenya akimtafuta baba asiyemjua. "The River and the Source" ya Margaret Ogola, ya mwaka 1994, inaanza na mwanamke aitwaye Akoko huko Unyanza na kushuka vizazi vinne, ikapata Tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza bora barani Afrika mwaka 1995. Huenda moja kati ya hizo mliisoma darasani, kwa kuwa zote mbili zimewahi kutahiniwa kwenye KCSE. Ndiyo sababu nyingine ya kuirudia. Tulizisoma tukitafuta maudhui na mbinu za lugha za kujazia karatasi ya mtihani. Mtu mzima mwenye wakwe anamwona Akoko tofauti kabisa na mtoto wa Kidato cha Tatu.

Na kama mnapenda kitu kidogo cha kila siku, Injili ya Luka ina sura 24. Sura moja kila asubuhi kuanzia tarehe mosi inawafikisha mwisho tarehe 24, bila gharama, kwa Biblia iliyo nyumbani tayari. Mmoja asome Kiswahili, mwingine asome Kijaluo au Kiluhya, mlinganishe. Ila mjue sura ya pili, ile ya hori na wachungaji, itawaangukia tarehe 2, kisha mnaelekea msalabani wakati wenzenu wanaanza kupamba. Wengine inawakera. Mimi naipenda hivyo. Kama rafiki yako si mtu wa kanisa sana, usimsukume, achana nayo.

Turudi kwenye kile kitabu cha kumchagulia mwenzako. Hapa ndipo pesa zenu ziende. Waiceland wana desturi ya kupeana vitabu usiku wa tarehe 24 na kulala wakisoma. Nyinyi fungueni tarehe 28 mkishamaliza Poirot, msome mpaka tarehe 6 Januari. Sharti ni moja: chagua kwa kumfikiria yeye, usichague kile ambacho wewe unajisikia vibaya hujakisoma. Kwa muuguzi wako ningenunua "Small Things Like These" ya Claire Keegan, ya mwaka 2021. Ni kijitabu cha kurasa mia na kidogo. Bill Furlong anauza makaa ya mawe na kuni katika mji wa New Ross, Ireland, majuma ya kuelekea Krismasi ya mwaka 1985. Anapeleka mzigo kwenye nyumba ya watawa, na huko anaona jambo ambalo mji mzima unalijua na hausemi. Ana mke, ana mabinti watano, na watawa ndio wenye shule. Nyumba za namna hiyo, ambamo wasichana walifanyishwa kazi ya kufua nguo kwa lazima, zilikuwepo kweli, na ya mwisho ilifungwa mwaka 1996. Mtu anayefanya kazi kwenye taasisi, anayejua uzito wa kuona kitu akiwa kazini na kuanza kujiuliza amwambie nani, atakielewa kitabu hiki kunishinda mimi. Na baada ya Dickens mtakuwa na kitu cha kulinganisha: makaa tena, baridi tena, ila safari hii mwenye makaa ndiye mwenye dhamiri inayomsumbua.

Yeye akuchagulie mwenyewe. Akikwama, mdokezee Ogola.

Kuhusu hizo shilingi 2,000. Dickens, O. Henry na Tolstoy wamefariki zaidi ya karne iliyopita, kazi zao ni huru na zinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Faili la maandishi matupu halili bando. Keegan mpya itachukua nusu ya pesa au zaidi, na tafadhali msizungushiane PDF ya wizi, mwandishi yuko hai na anakula kwa kalamu. Christie tafuteni kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandika vitabu chini kando ya barabara, Kisumu mjini na Nakuru vilevile. Jina lake halikosekani kwenye vitabu vya mitumba, na kwa kawaida noti ya mia mbili inatosha ukibembeleza. Mtahitaji nakala mbili, kwa hiyo anzeni kutafuta Novemba. Fungua kurasa za mwisho uhakikishe zipo, maana riwaya ya upelelezi iliyong'olewa ukurasa wa mwisho ni dhuluma. Angalia pia majina: Marekani kitabu hichohicho kimewahi kuuzwa kama "Murder for Christmas", na kile kiitwacho "The Adventure of the Christmas Pudding", cha mwaka 1960, ni mkusanyiko wa hadithi fupi, hakina zile tarehe. Walibora na Ogola utawapata kwa bei ya chini kabisa, wamechorwachorwa na mwanafunzi fulani. Maktaba za umma za Kisumu na Nakuru nazo zisisahaulike, ila azimeni mapema kabla hazijafunga kwa sikukuu.

Masharti mengine yawe machache. Ujumbe wowote unaohusu kitabu uanze kwa kutaja sehemu uliyofika, ili mwenzako ajue kama aufungue au auache. Hakuna kuhesabu kurasa. Mtu akiwa na zamu mbili mfululizo au wageni ishirini, aseme "leo sipo" na asiulizwe. Na kitabu kisichompendeza mtu kufikia robo, akiache hadharani na aeleze kwa nini. Malalamiko mazuri ya dakika tatu yana raha kuliko sifa za kujilazimisha.

Kifurushi cha Nakuru kitume kwa matatu kabla ya tarehe 15. Baada ya hapo ofisi za mizigo zinajaa magunia na kuku, nauli inapanda, na bahasha ndogo ndiyo ya kwanza kusahaulika chini ya kiti. Kifunge kwa nailoni kwanza, andika nambari yake ya simu pande zote mbili, piga picha ya risiti umtumie, na juu kabisa uandike kwa kalamu nene: isifunguliwe kabla ya tarehe 28.